Uzi Uliokatika Kwenye Mashine ya Wambui

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha nguo Kisumu nilipewa ufagio. Vumbi la pamba lilikuwa limejaa hewani. Nilifagia na Wambui, binti wa mwenye duka mjini Kericho. Mimi nilitoka kijijini Kiptere. Kiwanda kilikuwa jengo moja tu, na pamba nyingine ilikuja kwa meli kutoka ng'ambo ya ziwa.

Baadaye tulihamishiwa ufumaji. Nyinyi mnaonunua nguo tayari, niwaeleze: nyuzi za mtande hunyooshwa kwa urefu, na uzi wa mshindio hupita katikati yake ukienda na kurudi. Uzi mmoja wa mtande ukikatika, lazima usimamishe mashine uuunge, la sivyo kitambaa kitatoka na mstari. Mimi niliunga haraka kuliko Wambui. Kila mtu alijua.

Kiwanda kikapanuka. Likaja jengo la pili, la kutia rangi, kisha la tatu, lenye mashine mpya. Foromani, msimamizi wetu, akatuita.

"Wambui, utafundishwa mashine mpya."

"Na mimi, bwana foromani?"

"Mkono wako ni mwepesi, mama. Lakini huyu anauliza maswali."

Wivu ulinishika. Nilichukia hata jinsi alivyofunga kitambaa kichwani. Siku moja nilipita karibu na mashine yake, yeye akiongea na makanika. Nikaona uzi umekatika. Nilisimama, nikautazama, nikaenda zangu.

Jora zima liliharibika. Wambui alirudishwa kufagia, nami nikapewa mashine yake. Niliacha kazi wakati mitumba ilipojaa sokoni na kiwanda kikapunguza watu. Wambui alikuwa ameondoka zamani, akajifunza kushona.

Leo ana karakana ya sare za shule mjini Kericho, na wasichana sita wanaomwita mwalimu. Mimi nachuma chai yangu kidogo. Mwezi uliopita nilimwendea, nikamwambia yote. Hakuacha kukata kitambaa.

"Mama Chelangat, nilijua. Nilikuona umesimama pale."

"Mbona hukusema?"

"Ungefutwa. Na Chelangat alikuwa bado ananyonya."

Akaniletea kiti, akaagiza chai. Nilikunywa nikiangalia mikono yake. Nilikuwa nimeenda kuomba msamaha, na nilikuwa nimeupata. Lakini nikipanda kilima kurudi nyumbani, wivu ulinishika upya: hata kwa wema alikuwa amenishinda.