Tenki la Makontena

Mtu akiniuliza habari za Hamidu namwambia ukweli: ni mlinzi hodari, ni mdogo wangu wa ziwa moja, na moyo wangu umemkataa.

Miaka miwili sasa analinda mitambo ya sola hapa Makote. Uwanjani kuna makontena mawili yaliyojaa betri za kuhifadhia umeme, na juu ya mnara tenki kubwa la maji. Maji hayo ni ya kupambana na moto tu. Mafundi walimfundisha kwamba betri zile zikiwaka hazizimiki kwa mtungi wa kuzimia moto wala mchanga. Usifungue mlango, ndani kumejaa gesi. Limwagie maji kontena la pili lisipate joto, mpaka la kwanza lijichokee lenyewe. Mlinzi aliyemtangulia alikuwa na huruma. Alitoa dumu moja moja, leo harusi, kesho mgonjwa, hadi wakaguzi wakakuta tenki tupu wakamfukuza. Hamidu akaapa hatatoa hata kikombe. Na shida ya maji ya huku kwetu Newala mnaijua, jamani. Watu walimchukia, naye kazi yake kushusha kofia na kuandika kipimo cha tenki.

Mwezi wa kumi mama yetu akafariki alfajiri. Pampu ya kijiji ilikuwa imekufa wiki ya tatu, visima vya maji ya mvua vikavu, na Joel wa bodaboda akarudi kutoka mjini na madumu matupu. Nikaenda getini na madumu yangu mawili. Nilipiga magoti, mimi mkubwa, mbele ya mdogo wangu. Nikamwambia ni maji ya kumwoshea mama.

Alilia. Hilo silifichi. Kisha akasema, "Dada, nikikupa wewe, kesho nitamnyima nani?"

Hakufungua. Mwalimu Ashiru wa madrasa akasema basi, maji hakuna, mama atatayamamishwa. Wanawake tukapiga viganja mchangani, tukampaka vumbi usoni na mikononi, mama aliyetuogesha sote wawili, na tenki tunaliona kutoka mlangoni. Wallahi, siku ile nilimlaani.

Siku kumi na tisa baadaye, asubuhi, kontena la kwanza likaanza kutoa moshi mweupe. Jirani yangu Nikolao akakimbilia mlango na nyundo, eti aokoe betri. Hamidu akamkamata kwa nyuma akamtupa chini. Akatusukuma wote upande unakotoka upepo, akashika mpira wa maji, akalimwagia kontena la pili saa tano mfululizo. Moto ulipokwisha, tenki lilikuwa limebakiwa na ndoo chache. Nyumba kumi na mbili zinazopakana na uzio zimesimama. Ya kwangu ni ya tatu.

Madumu mawili yasingepunguza kitu, nimelipigia hesabu hilo mara mia. Lakini nyuma yangu getini siku ile walisimama wanawake saba na madumu yao, na nyuma yao Makote nzima. Najua. Kujua hakunisaidii.

Sasa wale wale waliomtukana wanampa mkono, na Nikolao kampelekea jogoo. Ijumaa iliyopita Hamidu alikuja kwangu, akavua kofia, macho mekundu.

"Shikamoo, dada."

Nilikuwa napepeta mahindi. Alisimama pale mpaka nikamaliza ungo mzima, nikachota mwingine, nikaendelea kupepeta.