Kilichofutwa Pamoja na Matusi

Saa nane mchana mashine ya kutotolesha vifaranga ilipiga mlio mmoja mrefu, ikaandika E3, na joto likaanza kushuka. Ndani yake mlikuwa na mayai mia mbili sitini na manne, siku ya kumi na nane, na hata moja halikuwa la Mama Vifaranga. Yote yalikuwa ya majirani. Kila trei ilikuwa na jina la mwenyewe kwa kalamu nyeusi.

Aliifunika mashine kwa blanketi la kitandani, akaketi na simu yake. Jibu lilikuwepo. Alishalisoma kwenye jukwaa la mtandaoni la watotoleshaji, alikokuwa mwanachama kwa miaka sita.

Akaandika E3 kwenye kisanduku cha kutafuta. "Neno ni fupi mno." Akaandika "mashine inaonyesha E3." "Subiri sekunde sitini kabla ya kutafuta tena." Akasubiri, macho kwenye kipimajoto: thelathini na sita. Kisha zikamwagika mada mia nne, maana kisanduku kile husoma vichwa tu: "Mashine jamani", "Msaada wa mashine", "Wenye mashine njooni huku". Kuita watu kwa dharura bila kusema dharura gani ni utovu wa adabu. Na hao hao wakishasaidiwa huandika "nimefanikiwa, asanteni", wakaondoka bila kusema wamefanikiwa vipi.

Mama Vifaranga alikuwa na njia yake. Kwa kuwa kichwa chake kilishika ugomvi kuliko ufundi, alikuwa na daftari la magomvi ya jukwaani, yenye tarehe. Akafunua. "E3: angalia siku Jogoo Mstaafu alipomwita msimamizi bwege."

Akaenda kwenye tarehe ile; jibu la E3 lilikuwa katikati ya matusi yale. Palikuwa na mstari mmoja: "Mada hii imeondolewa kwa sababu ya lugha chafu."

Akaiweka simu mapajani. Miezi mitatu nyuma ni yeye aliyekusanya saini za wanachama arobaini ili matusi yafutwe na mwanachama huyo, Jogoo Mstaafu, afukuzwe.

"Vipi?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimejifungia mlango mwenyewe, baba watoto."

Joto: thelathini na tano. Akatafuta kwa nje, kwenye mtandao wote, akiandika jina la jukwaa na maneno aliyoyakumbuka. Likaja kipande cha mada iliyokufa: "E3 si ugonjwa wa mashine, ni uchafu wa…" Nukta tatu. Akabonyeza. Imeondolewa.

"Uchafu wa nini?" akafoka. "Wa nini, wewe!"

Chini ya zile nukta palibaki namba ya simu. Jogoo Mstaafu aliiweka chini ya kila alichoandika, na kwa hilo pia Mama Vifaranga alikuwa amemshitaki. Akapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama Vifaranga. Wa jukwaani."

"Yule aliyenitoa?"

"Ndiye mimi."

"Haya, sema. Ila usinitumie lugha chafu."

Alieleza. Mzee hakumzungusha. "Uchafu wa soketi ya kihisi joto. Zima umeme. Chomoa ule waya mwembamba karibu na feni, futa kichwa chake na tundu lake kwa spiriti, acha vikauke, rudisha. Mayai yatavumilia."

Mumewe alishika tochi, yeye akafuta. Pamba ilitoka nyeusi. Walipowasha, E3 haikurudi. Joto likaanza kupanda, pointi moja moja.

"Mzee, kwa nini ulikuwa unatukana watu?"

"Jibu hilo nililiandika mara saba, mama. Mara saba! Hakuna aliyeliona, kila siku wanauliza upya. Ya nane ndiyo nikatukana."

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga mia mbili na tisa, na majirani wakaja na maboksi yao. Jioni hiyo Mama Vifaranga aliandika jukwaani mada yenye kichwa kilichosema kila kitu: mashine kuonyesha E3, safisha soketi ya kihisi joto. Kisha akamwandikia msimamizi: saini zile alizikusanya yeye, alikosea, mzee arudishwe.

Jibu la mtambo lilikuja papo hapo. "Ombi lako limepokelewa. Kabla ya kuuliza, tafadhali tafuta kwanza."