Damu ya Ngenge Iliyosingiziwa Ugonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinikabidhi koti jeupe na onyo moja: "Bi Zaituni, mashine hupima ulichoiletea. Ukiiletea uongo, itakurudishia uongo wenye desimali."

Hapo Bukoba tulipima metaboliti, yaani molekuli ndogo ndogo zinazopatikana katika damu mwili unapotumia chakula: sukari, asidi, mafuta. Nilikuwa nimeshazoea kazi pale sampuli za Ngenge, wilayani Muleba, zilipotushtua. Sukari chini mno, asidi ya laktiki juu mno, karibu kwa kila mtu. Mtafiti Mkuu akaanza kuandika ripoti kwamba wanakijiji wana kasoro ya kurithi.

Sikuamini. Watu wale niliwatoa damu mwenyewe. Walikuja kwa miguu kutoka mashambani, wazima kabisa. Mama mmoja alinishika mkono akasema, "Waitu," yaani mpendwa wetu kwa Kihaya, "mwanangu, msije mkatupa ugonjwa tusio nao."

Nikaomba kufanya jaribio.

"Unabishana na mashine?" Mtafiti Mkuu aliuliza.

"Hapana, daktari. Nabishana na safari."

Mwenzangu akanitoa damu, tukaigawa katika mirija. Mmoja tuliuweka kwenye barafu, kisha haraka tukauzungusha katika sentrifuji, mashine inayotenganisha chembe na plazma, yale majimaji ya damu. Mingine tukaiacha mezani kwenye joto, tukiuzungusha mmoja kila baada ya saa moja. Majibu yalipotoka, mrija wa barafu ulikuwa wa kawaida, lakini wa mwisho ulikuwa na ule "ugonjwa wa Ngenge". Chembe zilikuwa bado hai, zikila sukari na kuacha asidi, kama zilivyofanya zile za Ngenge, kwenye joto, njia nzima hadi Bukoba.

Mkuu wa Maabara alisoma majibu mara mbili. "Ripoti hiyo haitoki," alisema. "Zaituni, andika utaratibu."

Niliuandika kwa mkono wangu. Tukarudi Ngenge na barafu, jenereta na sentrifuji, tukaandika saa kwenye kila mrija. Safari hii damu yao ilitoka safi kama yangu.

Nimestaafu sasa, nipo Nyanga, hapa hapa Bukoba, na kibanja changu cha migomba. Juzi binti mmoja wa maabara alinipigia simu akilia: barafu iliyeyuka njiani, ikambidi atupe sampuli za siku nzima na kuomba watu damu upya. Nikampongeza. Kuna watu aliowaepusha na ugonjwa wa karatasi siku hiyo, na hawatamjua kamwe. Ndiyo kazi yetu, na mimi naionea fahari mpaka leo.