Redio Ilisema Baba Ni Mgonjwa

Umeme ulikuwa umekatika kwenye duka la fotokopi pale Birere, mjini Goma, na wanafunzi wawili wa chuo kikuu walikuwa wakingoja na kubishana. Kijana anayesomea uandishi wa habari alikuwa amekusanya komunike za redio, yale matangazo mafupi ambayo familia hutumiana, na kuzipanga na kuzihesabu kwa maudhui katika safu nne: ndoa, safari, ugonjwa, kifo. Dada anayesomea afya alitaka kuyapanga maneno ya wagonjwa kwa njia hiyohiyo.

Dada akasoma moja kwa sauti: "Watoto wafike Goma haraka, baba yao ni mugonjwa sana." Akauliza, "Hii umeiweka wapi?"

"Kwa ugonjwa. Ni vile wamesema."

Dada akaiweka karatasi chini, akailainisha kwa kiganja.

"Papa yangu alipokufa, redio ilisema ni mugonjwa. Nikatoka Rutshuru na machungwa yake. Nikaingia nayo mpaka mbele ya watu wenye walikuwa wanalia."

"Kumbe walikudanganya?"

"Hapana. Waliogopa nianguke njiani."

Njia ya kuhesabu maudhui inafaa magazeti, mahakama, hata mahubiri, nami sina ugomvi nayo. Lakini kwetu aliye mbali haambiwi msiba; huitwa kwanza, akaambiwa akishafika kwa watu wake. Anayehesabu bila kulijua hilo atasema tunaugua sana na kufa kidogo.

Umeme ukarudi. Kijana alikuwa bado ameshika kalamu.

"Sasa niandike nini?"

"Ongeza safu moja," dada akasema. "Andika: walituhurumia."