Ukuta Mfupi wa Baraza Yetu

Mnisamehe kwanza mwandiko wangu. Niliishia darasa la sita, na tangu hapo mkono wangu umeshika sindano kuliko kalamu ya bik. Naandika polepole na herufi zingine zinalala upande. Makosa mtakayoyakuta myasahihishe kichwani mwenu na mwendelee kusoma, maana nataka kuwaeleza namna nilivyopoteza mahali pangu pa kujificha.

Tunakaa mtaa wa Muhumba, kwenye barabara inayoshuka ziwani, katika nyumba ya zamani iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Nyumba ni ya serikali. Papa, yaani baba yangu, ni karani na alipewa kukaa humo kwa ajili ya kazi yake. Upande wa mbele ukuta hauna kona, umepinda kama ubavu wa chungu, na baraza imepinda pamoja nao. Mtu aliyekaa mule kabla yetu aliogopa wezi, akaiziba baraza yote kwa mbao kutoka chini mpaka kwenye paa. Nyuma ya mbao hizo ndipo nilipofanyia kazi yangu. Nadarizi vitambaa vya meza na foronya, na mama anaviuza kwa akina mama wa mtaa wa Nguba.

Mimi ni mtu wa haya. Mgeni akinisalimu, jibu linanijia yeye akiwa amekwisha kufika kwao. Lakini nyuma ya mbao nilikuwa sawa na watu wengine. Kati ya mbao mbili palikuwa na ufa. Mwanga uliingia hapo ukaangukia kitambaa changu, na mimi niliona barabara yote bila barabara kuniona. Watu niliwajua kwa miguu na kwa sauti.

Niliyempenda kuliko wote ni mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kila asubuhi alipanda na beseni kichwani. Akifika kwetu alilitua juu ya jiwe kubwa lililokuwa kando ya mbao, akapumua, kisha akaanza kusema peke yake. Alisema juu ya wateja wanaogeuza samaki mmoja mmoja kama wanachagua mchumba. Alisema juu ya mume wake anayekoroma, na juu ya goti lake ambalo lilikataa kupanda mlima. Mimi ndani nilicheka nimeuma kitambaa, asinisikie.

Halafu ofisi inayosimamia majengo ya mji ikaamua kwamba nyumba za zamani za barabara yetu zirudishiwe sura yake ya kwanza. Ndani kila mtu afanye anavyotaka, lakini nje kuna masharti. Krepi, yaani lipu ya ukuta, iwe ileile ya kurushwa, yenye punje. Rangi iwe ya chokaa, si ya mafuta. Madirisha yabaki na vyuma vyake. Na kila kitu kilichoongezwa mbele ya nyumba kiondolewe. Papa alitusomea masharti hayo mezani. Alipofika kwenye baraza, mama alinitazama. Mimi nikatazama sahani.

"Nyumba haiko yetu," papa akasema. "Bakisema tufungue, tutafungua."

Fundi waliyemtuma alikuwa muzee mmoja wa mtaa wa Kadutu, mfupi, mwenye utani mwingi, na msaidizi wake alikuwa mfupi kama yeye. Siku ya kung'oa mbao alizigonga kwanza kama mtu anayebisha hodi. "Binti, toa sindano zako. Jua iko naingia."

Nilihamia jikoni. Lakini jikoni hakuna mwanga, na akina mama wa Nguba walirudisha vitambaa, wakisema vinanuka maharagwe. Kwa hiyo ilinibidi nirudi barazani, ikiwa wazi au imefungwa. Nililala nikiwaza ile barabara yote ikinitazama mikono.

Chini ya mbao kulikuwa na mabaki ya ukuta mfupi wa zamani, uliovunjwa wakati wa kuziba. Fundi alipaswa kuujenga upya. Alipofikia tofali za juu, mama alimwendea.

"Papa," akamwita kwa heshima, "huu ukuta utafika wapi?"

"Pa kukalia, maman. Ni vile ilikuwa."

"Ongeza kidogo. Mutoto wangu iko na haya. Akikaa na kitambaa yake, batu basimuone."

"Mutoto wa myaka ngapi?"

"Kumi na saba."

"Na siku ataenda kwa bwana yake, niende kujenga ukuta kule nako?"

Mama akacheka, lakini hakuondoka. Fundi alikuna kichwa, akanitazama pale mlangoni, akaongeza mstari mmoja wa tofali. Sima, ile saruji ya kujengea, ilipokauka nilijaribu. Nikikaa mkekani na kuinama juu ya kazi, kutoka barabarani kilionekana kitambaa changu cha kichwa tu. Nilifurahi, nikaanza kumpikia fundi chai yenye maziwa.

Akaja kwenye krepi. Alichanganya sima, chokaa na mchanga, akachovya fungu la vijiti na kulipiga juu ya mti alioushika mkono wa kushoto, matone yakaruka ukutani. Alijaribia kwanza kwenye ubao wa zamani, akaulinganisha na ukuta, akaukwangua, akajaribu tena, mpaka punje zikafanana. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa bado hajafika kwenye ukuta mfupi siku bwana wa ofisi alipokuja kukagua.

Bwana yule alivaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai, na alibeba picha ya zamani ya nyumba yetu. Kwenye picha kulikuwa na mtu mrefu mwenye kofia, amekaa juu ya ukuta wa baraza akitazama barabara, nyayo zake zimetulia chini. Bwana alitazama picha, akatazama ukuta.

"Sitwayen, huu ukuta ulipanda," akamwambia fundi.

"Iko vilevile, chef."

Bwana akaupanda, akakaa. Miguu ikaning'inia.

"Unaona? Ya mu picha inagusa chini. Yangu inaelea."

"Chef, na heshima yote, yako ilichoka kukomaa mapema. Ule wa picha alikuwa murefu."

Msaidizi akageukia ukutani ili acheke. Bwana mwenyewe hakukasirika. "Basi unitafutie mutu murefu."

Mimi nilikuwa nimetoka na chai. Urefu nimeurithi kwa papa, na kwa mtu wa haya ni mzigo.

"Huyu apa," fundi akasema. "Murefu kama mukaratusi."

"Mumuache mutoto," mama akasema kutoka ndani.

"Ni dakika tu, mademoiselle," bwana akasema kwa upole. "Kaa kama ule wa picha."

Nikakaa, uso barabarani. Watoto waliokuwa wakienda shuleni wakasimama. Mtu aliyesukuma baiskeli yenye ndizi naye akasimama. Masikio yangu yaliwaka. Lakini nilijua ninachotaka. Nilinyoosha nyayo zangu chini kadiri nilivyoweza, mpaka ncha za vidole zikagusa udongo, nikakaza hapo.

Bwana akainama. "Zinagusa," akasema, kama asiyeamini sana. Fundi alitazama mawingu.

Ndipo mama wa sambaza akatokea, akipanda polepole. Alitua beseni juu ya lile jiwe lake, akanikazia macho.

"Eh. Kumbe njo weye."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi.

"Weye wa nyuma ya mbao. Myaka hii yote nakupigia hadisi, hata siku moja haukunijibu."

"Ulijua?" nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Niko kiziwi? Uko nacheka kama panya mu gunia. Ulifikiri niko nasemaka na mbao? Mi si mwenda wazimu. Na hii goti yangu, hata siku moja haukuuliza namna iko."

Nikamwinamia ili nimsikie vizuri. "Na goti, maman, iko namna gani?"

"Mubaya," akasema, na akaanza kunieleza, kwa raha.

Nilisahau nyayo zangu. Bwana wa ofisi alikuwa bado ameinama.

"Zinaelea," akasema taratibu.

Fundi akaweka kikombe chini. "Mademoiselle, umeniuza kwa beseni moja ya sambaza."

Mstari wa juu ukatolewa alasiri ileile. Niliwasaidia kubeba tofali, kwa sababu kukaa jikoni na kusikia tu nyundo kungekuwa vibaya zaidi. Siku za kwanza niligeuza kigoda, mgongo barabarani, lakini kivuli changu kiliangukia kazi na mishono ikapinda. Nikageuka.

Fundi aliondoa lile jiwe, kwani halikuwamo kwenye picha. Sasa mama wa sambaza anatua beseni juu ya ukuta wenyewe, karibu na goti langu, na anapumzika kuliko zamani. Maji ya samaki yanateremka kwenye krepi mpya, yamefanya doa. Papa anaogopa kwamba ofisi ikirudi itatuambia doa lile limeongezwa baadaye.

Maneno bado yananichelewa. Kwa mama yule nina machache, kwa wapita njia wengine nainua mkono tu. Kwenye karatasi hakuna anayesimama akinisubiri. Kwa hiyo nyinyi mliosoma mpaka hapa, na zaidi wale wenye haya, mniandikie. Mniambie nyumba yenu ikoje kwa mbele, na nani anapumzika hapo. Nitajibu kila barua, ila mnipe muda.