Nyumba ya Sahra na Laini za Njiani

Nilikwenda Wajir kwa sababu mjukuu wangu Sahra alikuwa anaolewa na hakuwa na nyumba. Kwetu nyumba haijengwi na bwana harusi. Inaletwa na mama wa msichana: miti iliyopindwa, mikeka, kamba na vyombo vya maziwa, vyote katika mzigo mmoja wa ngamia. Mama yake Sahra, binti yangu, alikuwa amefariki, basi kazi ikawa yangu. Mwaka mzima nilisuka mikeka hapa Garissa. Sahra mwenyewe alikuwa kule Wajir kwa shangazi yake. Nikaha ilipangwa Ijumaa, na nyumba isiposimama kufikia siku hiyo, mtoto angeingia kwa watu kama asiye na kwao. Jambo hilo mwanamke husimangwa kwalo mpaka azeeke.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi wa kwetu Wasomali. Ngamia walizuiwa kwenda mbali na mji, kwa hiyo nyumba ingepanda lori.

Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisi ya vibali. Askari akaniambia, "Mama, panga laini." Kiswahili changu ni cha sokoni, na huko laini ni kitambaa kisichokwaruza. Nikamuuliza mwanamke aliyesimama mbele yangu.

"Abaayo, dada yangu, anataka nini huyu?"

"Usimame nyuma yangu unyamaze," akasema. "Ni neno la Wazungu. Waliondoka wakaliacha."

Kusimama naweza. Nilipofika mezani, karani akauliza ninabeba nini.

"Nyumba."

"Mama, nimeuliza unabeba nini."

"Na mimi nimekujibu."

Akanitazama, akatazama watu nyuma yangu, akaandika. Sijui aliandika nini mpaka leo.

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, malori manane yaliondoka pamoja, gari la jeshi mbele na jingine nyuma. Dereva wetu alikuwa Yusuf, kijana mwenye maneno mengi. "Ayeeyo, leo tunakwenda kwa laini," akaniambia, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Gari likitoka kwenye laini, jeshi halitauliza ni la nani." Kabla hatujafika mbali akasema tena kwamba yeye laini yake ni hii ya Wajir, amekataa ya Lamu kwa sababu ya mchanga. Nikamwambia achague moja, ama laini ni magari ama ni kazi yake. Akacheka akasema ni zote mbili, na simu ya posta nayo ni laini, na ile imekatwa tangu Jumapili.

Juu ya magunia nilikaa na mzee mmoja mfugaji wa Tarbaj, mpole, aliyebeba mbuzi mgonjwa kifuani. Yeye alijua laini nyingine. Alisema Wazungu waliichora kwenye karatasi, na ndugu zake wakabaki upande wa pili, Somalia, na vita hivi vyote vimetoka humo.

"Umewahi kuiona?" nikauliza.

"Hapana. Lakini nimechunga juu yake maisha yangu yote."

Alasiri tulifika Modogashe. Pale kwenye kizuizi cha barabarani askari waliteremsha mizigo yote. Mmoja alitazama miti yangu iliyopinda, akasema hajaona fito za namna hiyo, bila shaka kuna bunduki ndani. Akachoma mzigo kwa singe mara tatu. Nikashuka peke yangu, bila kushikwa mkono.

"Ifungue," nikamwambia. "Usiichome. Ukitaka kuona nyumba ya mtu, unafungua mlango."

Mkubwa wake akamwamuru afungue. Walitandaza kila kitu barabarani: mikeka, kamba, vyombo vya maziwa vikiwa vitupu. Bunduki haikuwepo. Mikeka miwili ilikuwa imetoboka. Askari yule alikuwa mtoto tu, na alipoona mkono wangu unapapasa matundu, alianza kukunja mikeka mwenyewe. Aliikunja vibaya. Nikamfundisha.

Jioni hiyo nilipewa mahali pa kulala na mke wa polisi, mtu wa Machakos. "Mimi nakaa laini," akasema, akinionyesha vyumba vya mabati vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Nikaona neno hili halina aibu, sasa limekuwa nyumba. Chai yake ilikuwa maji matupu, nikamwambia hivyo.

"Maziwa yako kwa ng'ombe wenu, mama, na ng'ombe wenu wamefungiwa," akajibu. "Lalamika kwa serikali, si kwa sufuria yangu."

Nilimpenda mwanamke yule. Alinipa sindano ya magunia, tukaziba matundu pamoja kabla jua halijazama.

Jumatano jioni tuliingia Wajir. Mama wa bwana harusi, Dahabo, alikuwa akikaa nje ya mji katika kile serikali ilichokiita kijiji cha kulindwa, ndani ya boma la miiba na waya. Nyumba zetu zilizozoea kukaa duara zilikuwa zimepangwa safu ndefu zilizonyooka. Alhamisi asubuhi nikaanza kushusha miti kando ya nyumba ya Dahabo, maana bibi harusi hukaa ndani siku saba na mama mkwe ndiye anayempikia. Sajini wa kijiji akaja na kamba yake ya kupimia.

"Hapana, mama. Nyumba mpya inakaa mwisho wa laini."

Nikaenda kutazama huo mwisho. Ulikuwa chini ya mnara wa walinzi, hatua kumi tu. Vijana wenye bunduki walikuwa wamekaa juu wakitazama chini siku nzima. Hapo ndipo nimfungie mtoto siku saba? Nikarudi nikamweleza sajini. Akasema yeye hana ubaya, lakini mkubwa wake akija atataka laini iliyonyooka, bila nyumba pembeni na bila nafasi katikati, na mpya mwisho. Jua lilipofika utosini miti ilikuwa bado imefungwa, na mimi nimekaa juu yake sijui la kufanya.

Ndipo Dahabo akainuka. Aliingia ndani ya nyumba ya jirani, akatoa sufuria nje, kisha godoro, kisha akaanza kufungua kamba. Jirani akatoka.

"Dahabo, una wazimu?"

"Sogea nafasi moja."

Jirani akatazama miti yangu, akatazama mnara, akaelewa. Akamwita aliyefuata. Zilikuwa nyumba kumi na moja kutoka pale hadi mwisho. Kila mwanamke aliivunja yake na kuisimamisha mahali pa mwenzake, kama tulivyokuwa tukihama siku za malisho. Walitukanana kwa furaha juu ya nani ana mikeka iliyooza. Wa mwisho alikuwa mjane mzee, Shamsa. Yeye ndiye aliyebaki chini ya mnara.

"Wanitazame," akasema. "Wakiona kitu kizuri waniambie."

Kabla ya sala ya alasiri nyumba ya Sahra ilikuwa imesimama ubavuni mwa Dahabo. Sajini akaja, akavuta kamba yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilinyooka. Akahesabu, moja imezidi, sawasawa. Akasimama mbele ya Shamsa.

"Mpya ni ipi?"

"Hii," Shamsa akajibu. "Nimehamia leo."

Sajini akaikunja kamba yake, akaenda zake.

Ijumaa Sahra aliolewa. Nilikaa siku saba, nikala vizuri, sina la kulalamikia ila nzi. Siku ya nane, lori la kurudi likiwa linangoja, nilimkuta Sahra nje anafungua kamba za nyumba yake mwenyewe.

"Unafanya nini?"

"Ayeeyo, Shamsa anakwenda mbali sana kuteka maji kisimani. Mimi siku zangu zimekwisha. Nitakaa mwisho, yeye akae hapa."

Yusuf alipiga honi. Nikamwambia angoje, na malori mengine yote nyuma yake yangoje. Nikashika upande wa pili wa mkeka, kwa sababu msichana alikuwa anaukunja vibaya.

Nyumbani waliniuliza kama nimejifunza Kizungu. Nimejifunza neno moja, nikawaambia, na katika safari nzima sikumwona aliyelijua kuliko wanawake wa Wajir. Walipewa laini, wakaitii, na ndani yake wakapitisha kila walichotaka.