Malulu ya Mama Mpakani

Enzi zetu uzio haukununuliwa dukani. Ulikatwa kwa jirani, ukabebwa kichwani, ukapandwa siku hiyo hiyo kabla haujanyauka. Na hakuna uzio nilioupenda kama ule wa malulu, vile vichaka virefu vyenye maua makubwa ya manjano na majani machungu, ambavyo vijana wa leo wanaviita magugu na kuvifyeka bila hata kuuliza jina.

Nilizaliwa kwenye shamba la Mzungu karibu na Kitale, miaka mingi kabla ya Uhuru. Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Malulu yalizunguka nyumba ya huyo Mzungu, na sisi watoto tulichuma maua tukayavaa masikioni. Tukiumwa na tumbo, mama alichemsha majani yake akatupa kikombe kizima. Uchungu ulikaa kinywani mpaka jioni, na nadhani ugonjwa ulikimbia kwa kuogopa kikombe cha pili.

Baba alipofariki, nyumba yetu ilitakiwa kwa mkamuaji mwingine. Mama akatukusanya watoto watatu, tukarudi kwao baba, karibu na Kibabii. Mzigo wake ulikuwa sufuria, blanketi mbili, na mashina ya malulu aliyoyafunga kwa gunia lililoloweshwa maji.

Tulimkuta baba mdogo amelima shamba letu mpaka mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amezoea tu. Wazee wa ukoo wakamwambia mama kwamba mvua zikishaisha watapita mpakani kwa miguu. Palipopandwa kitu kikashika mizizi, hapo ndipo mpaka. Pasipo na kitu, baba mdogo ataendelea kulima. Kwetu hiyo ilimaanisha kula au kulala njaa.

Wengine walipanda mkonge. Mama alichagua malulu kwa sababu yanaota upesi. Alituonyesha namna: kata shina lililokomaa, lichomeke likiwa limeinama kidogo, macho yake ya kuchipukia yatazame juu, kisha kanyaga udongo. Mimi nilipewa hatua thelathini upande wa baba mdogo. Lakini wenzangu walikuwa wanacheza katikati ya njia na mpira wa majani makavu ya migomba, na makelele yao yalinitoa akili. Nikachomeka haraka haraka, nikakimbia.

Wiki tatu baadaye uzio wote ulikuwa umechipuka isipokuwa hatua zangu thelathini. Mama aling'oa shina moja, akaligeuza. Macho yalitazama chini. Nilikuwa nimeyapanda yote kichwa chini. Nikangoja kiboko, lakini mama alinitazama tu.

"Mtoto anaweza zaliwa na miguu mbele akapona," alisema. "Mti hapana. Kuja tukate zingine."

Mvua zilikuwa zinakwisha. Kila alfajiri kabla ya shule tulishuka chemchemi, yeye na mtungi, mimi na debe dogo, tukamwagilia shina kwa shina. Kosa langu hakumwambia baba mdogo, hakuwaambia hata ndugu zangu. Kwa hilo peke yake nitamsifu mpaka nife.

Wazee walipokuja, malulu yalikuwa yamechanua, manjano tupu kuanzia njiani hadi bondeni. Walitembea wakisifu. Walipofika kwenye hatua zangu, miche ilikuwa ya kufika magotini, haina ua hata moja.

"Hii ni ya juzi," baba mdogo akasema. "Si mnaona? Hapa bado hakuna mpaka."

Mzee mmoja akainama, akashika mche, akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili. Mche ukakataa.

"Imeshika," alisema, akajipangusa mikono na kuendelea mbele.

Mama alinishika mkono, tukawafuata wazee.

Siku hizi mpaka ni kazi ya saa moja. Mpimaji anakuja na mashine yake, anapigilia vigingi, anakula kuku, anaondoka. Mjukuu wangu amesomea kilimo chuoni Mabanga, na aliporudi alinifundisha kwamba majani ya malulu yakikatwakatwa ni mbolea ya mahindi. Nilimsikiliza kwa adabu. Mahindi ya mama kando ya ule uzio yalikuwa yanampita mtu kimo kabla baba yake huyo mjukuu hajazaliwa.

Sasa tuna hati ya shamba, imefungiwa kabatini, ina mhuri na jina la kaka yangu. Mama hakuwahi kuiona. Nashukuru kwamba ipo. Lakini ningepewa ruhusa, ningeitoa kabatini leo hii, niibadilishe kwa alfajiri moja tu ya kushuka chemchemi nyuma ya mama.